Nani atarithi nyundo na makonge ya Eastlands?

Nitaanza kwa kuungama, msomaji. Muhula uliopita binti yangu, aliye katika Gredi ya Tano, alirudi nyumbani na kazi ya mikono kutoka shuleni. Kila mtoto alitakiwa kupeleka kitu alichokisuka yeye mwenyewe, na walipewa wiki moja. Siku sita zilipita nikiwa mbio kati ya kazini na kituo cha matatu. Siku ya saba, jua likielekea kutua, nilishuka katika soko la Kariokor, nikanunua kiondo kidogo kilichosukwa na mikono nisiyoijua, nikamkabidhi mtoto. Alipata alama nzuri.

Jioni ile, badala ya kufurahi, alikaa kimya kwa muda kisha akaniuliza: "Mama, kwani wewe hujui kusuka? Si susu anajua?"

Susu, kwa wasiokijua Kikamba, ni nyanya. Mama yangu anaishi Jericho, katika nyumba ile ile nilimolelewa. Amesuka viondo tangu akiwa msichana kule Machakos. Sehemu kubwa ya karo yangu ya shule ya upili, na nauli ya kwenda chuo cha uanahabari, ilitoka katika viondo hivyo. Lakini mimi niliyesomeshwa kwa makonge sijui hata kuanza kitako cha kiondo.

Swali la mtoto lilininyima usingizi. Basi Jumamosi moja nilimshika mkono, tukavaa viatu vya kutembelea, tukaenda kuizunguka Eastlands kwa miguu na kwa matatu. Tulitaka kujua jambo ambalo naamini linazisumbua familia nyingi jijini: ujuzi wa mikono uliowalea wazee wetu unarithiwa na nani, na unarithiwa wapi?

Jina lililotoka vitani

Tulianzia pale pale nilipotenda kosa langu, Kariokor. Wengi hulitaja jina hili kila siku bila kujua lilikotoka. Ni Kiswahili cha "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi Waafrika waliochukuliwa na serikali ya kikoloni kubeba vyakula na risasi za jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918. Kambi yao ilikuwa hapa. Maelfu kwa maelfu walikwenda Tanganyika na hawakurudi. Waliuawa na maradhi na njaa zaidi ya risasi.

Leo mahali hapa pananuka ngozi na gundi. Ndani ya soko, vibanda vimebanana: akala za matairi, viatu vya ngozi vilivyopambwa kwa shanga, mikanda, ngoma, na viondo vya kila rangi vikining'inia hadi darini.

Nilidhani kiondo hutoka mikononi mwa mtu mmoja kikiwa kamili. Sivyo. Akina mama wa mashambani, hasa Ukambani, hukisuka na kukileta Nairobi kikiwa hakina mkanda. Hapa Kariokor fundi wa ngozi hukipokea, akakitia mkanda, akakikata mdomo na kuushona kwa ngozi. Kwa hivyo kiondo unachokiona dukani ni mkataba baina ya mama wa kijijini na kijana wa mjini, ambao huenda hawajawahi kuonana.

Tulisimama kwenye kibanda cha fundi mmoja wa makamo. Binti yangu alikodoa macho akitazama jinsi kijana aliyeketi kando alivyokuwa akitoboa ngozi kwa msumari wa kazi hiyo, tundu baada ya tundu, umbali ule ule.

"Huyu ni mwanao?" nikamuuliza fundi.

"Ni wa ndugu yangu," akajibu. "Alimaliza Kidato cha Nne akakaa nyumbani. Nikamwambia, njoo ukae na mimi, angalau utoboe. Sasa anatoboa kuniliko."

Akamkabidhi binti yangu kipande cha ngozi kilichobaki na ule msumari. Tundu la kwanza lilikwenda kombo. La tatu lilikuwa sawa. Fundi akacheka, akampa kile kipande aende nacho.

Fundi huyo alituambia kuwa biashara ya viondo ilipata nguvu mpya baada ya tarehe 28 Agosti, 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Watu wa mjini, waliokuwa wakimcheka nyanya akija na kiondo chake, walianza kukitafuta wenyewe. Ama kweli usiache mbachao kwa msala upitao.

Mpagazi aliyerudi na tezo

Kutoka Kariokor tulishuka kuelekea Gikomba, tukipita kati ya mikokoteni na marundo ya mitumba. Mtu akitaja Gikomba wengi huwaza nguo na viatu. Lakini upande huu wa Gikomba na Pumwani ndiko wachongaji Wakamba walikojikusanya tangu zamani, wakajiunga katika chama cha ushirika ili wauze kwa sauti moja.

Hapo ndipo habari ya Kariokor inapokutana na habari ya vinyago. Kwa mujibu wa masimulizi ya Wakamba wenyewe, uchongaji huu wa kuuza ulianza na mtu mmoja, Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos. Alichukuliwa katika vita vile vya 1914 hadi 1918, akafika Tanganyika, na huko akaona jinsi Wazaramo walivyouchonga mpingo. Wengine walirudi na makovu. Yeye alirudi na ujuzi. Aliporejea Wamunyu alianza kuchonga na kuwauzia Wazungu. Mwanzoni watu wake wa karibu tu ndio walioijua kazi hiyo, na kutoka kwao ikaenea kijiji kizima, kisha Nairobi na Mombasa, kisha masoko ya ng'ambo.

Nasimulia haya kwa sababu tunapenda kusema "ufundi wa jadi" kana kwamba ulishuka pamoja na mvua. Hapana. Kuna mtu aliyekwenda kuutafuta kwa jirani, akajifunza, akaja kufunza. Lau Mutisya Munge angekaa nao peke yake, ungezikwa naye.

Wachongaji hukaa chini, miguu imenyooshwa, gogo limebanwa kati ya nyayo. Tezo hupanda na kushuka karibu na vidole kiasi cha kumfanya mgeni afumbe macho. Vipande vinaruka, na baada ya dakika chache unaona shingo ya twiga pale palipokuwa na kuni.

Mzee mmoja mwenye mvi, ambaye binti yangu alimwamkia kwa heshima kama alivyofunzwa, alitueleza jinsi mwanafunzi anavyoanza. Hashiki tezo. Anaanza kwa msasa. Anasugua vinyago vya wenzake wiki baada ya wiki hadi mkono wake uujue mwili wa mnyama bila macho. Kisha anafunzwa kupaka rangi ya viatu na kung'arisha. Baadaye anapewa kisu amalizie masikio na macho. Tezo huja mwisho.

"Na huchukua muda gani, mzee?" nikauliza.

"Inategemea," akasema. "Kuna anayejua kwa mwaka. Kuna ambaye hukaa miaka mitano, na bado twiga wake anafanana na mbuzi."

Alipoona tumecheka, akaongeza kwa sauti ya chini: "Shida si twiga. Shida ni kwamba mti umekwenda mbali na vijana wamekwenda mbali."

Mti umekwenda mbali kweli. Mpingo na muhugu, miti iliyopendwa na wachongaji kwa ugumu na rangi yake, huchukua miaka mingi mno kukua, na ilikatwa kwa kasi kuliko ilivyoota. Siku hizi utakuta wakitumia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayopandwa na kukua upesi. Wazee wengine huidharau kwa sababu ni laini. Lakini nadhani ni somo zuri kwa watoto wetu kwamba fundi asiyepanda mti anachonga kinyago cha mwisho.

Kelele za Kamukunji

Masikio hukuelekeza Kamukunji kabla ya macho. Unaanza kusikia mlio mmoja, kisha kumi, kisha hutofautishi tena. Tulipofika ilitubidi kuzungumza kwa ishara.

Hapa ndipo moyo wa jua kali. Jina lenyewe linajieleza: mafundi waliofanya kazi nje bila paa, jua likiwawakia utosini. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti juu ya Kenya iliyoufunza ulimwengu kuitazama kazi ya namna hii kwa heshima, si kama uzururaji. Lakini askari wa baraza la jiji waliendelea kuwafukuza mafundi kwa miaka mingi. Mambo yalianza kubadilika Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka wa 1985 na kuahidi vibanda vya kuwakinga jua. Mwaka wa 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya kiufundi, ambayo wananchi waliibatiza wizara ya jua kali. Leo takwimu za serikali zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini wako katika sekta hii isiyo rasmi.

Tulimtazama kijana akilitengeneza sanduku la bati. Alichora mistari kwa kufuata kipimo cha zamani kilichokatwa kwa bati, akakata kwa mkasi mkubwa, kisha akaweka bati juu ya kipande cha reli ya gari la moshi na kuanza kulikunja kwa nyundo. Hakuna moto wala gundi. Ukingo mmoja hukunjwa ukauma mwingine, ukapigwa hadi vikashikana kama vidole vya wapendanao. Karai, sufuria, birika, wilibaro na majiko yote yanatoka mahali hapa, mengi yakitokana na mapipa na mabati ya zamani.

Jiko lina hadithi yake. Mapema katika miaka ya 1980, wataalamu wa nishati walishirikiana na mafundi wa Kamukunji na Shauri Moyo kuliboresha jiko la makaa. Walichukua jiko letu la bati, wakachukua na wazo la jiko la ndoo la Thailand ambalo lina udongo ndani, wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Ndipo likazaliwa lile jiko lenye kiuno chembamba ambalo karibu kila nyumba ya Eastlands imewahi kuwa nalo, na ambalo kitaalamu huitwa Kenya Ceramic Jiko. Bati la nje hupigwa na mhunzi. Udongo wa ndani hufinyangwa na mfinyanzi na kuchomwa tanuruni. Kazi mbili za tangu enzi za mababu zikaoana, makaa yakapungua, na jiko hilo likavuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika. Anayedhani ufundi wa jadi ni wa kuwekwa katika jumba la makumbusho, na aje aliangalie jiko.

Lakini kilichonigusa zaidi ni masanduku. Kila Januari wazazi hufurika Kamukunji kununua masanduku ya watoto wanaoingia shule za bweni. Nilimuuliza fundi mmoja mtu mzima kama watoto wake wanaijua kazi hii. Akatikisa kichwa kwa fahari.

"Mmoja ni mwalimu, mwingine yuko chuo kikuu. Hakuna hata mmoja aliyegusa nyundo. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuipiga."

Nilipigwa na butwaa. Fundi hupiga masanduku, masanduku hupeleka watoto shuleni, na shule huwaondoa watoto kwenye nyundo. Kadiri anavyofanya kazi yake vizuri ndivyo anavyomtenga mrithi wake nayo. Ni nani awezaye kumlaumu? Mlio ule huharibu masikio na wachache sana huvaa kinga. Mabati hukata vidole. Na usiku wowote moto unaweza kuzuka katika eneo hili. Hatujasahau moto wa Gikomba wa Juni 2018 ulioua watu 15.

Darasa lisilo na ubao

Je, ikiwa mtoto wa fundi hairithi nyundo, anairithi nani? Eastlands imejibu swali hili kwa namna mbalimbali.

Kasisi Arnold Grol, Mholanzi, alipoanza kuwashughulikia watoto wa mitaani wa Nairobi mwaka wa 1973, kazi ambayo ilizaa shirika la Undugu, aligundua kuwa kitabu peke yake hakingewatosha. Undugu ilianzisha madarasa katika mitaa kama Mathare na Pumwani ambako watoto waliokosa shule walipata elimu ya msingi kwa miaka michache, kisha wakafunzwa kazi za mikono kama useremala, ushonaji na upigaji bati. Baadaye walipelekwa kwa mafundi wa jua kali wenyewe. Waliojengewa karakana walikuwa wachache. Wengi walikalishwa kando ya fundi.

Pale Pumwani, kituo cha jamii cha St. John's cha Kanisa la Anglikana kiliwakusanya akina mama waliokuwa hawana kazi, na katika miaka ya 1960 ukazaliwa mradi wa Maridadi wa kupiga chapa vitambaa kwa mkono. Wanawake waliodhaniwa hawana ujuzi wowote waliuza vitambaa vyao kwa watalii na kwa mahoteli.

Serikali nayo, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa ajira kwa vijana uliojulikana kama KYEOP mwaka wa 2016. Kati ya mambo yake mazuri ilikuwa kuwatambua mafundi stadi wa jua kali kuwa walimu, na kuwapelekea vijana wafunzwe kazini. Aidha, kijana aliyejifunza kwa fundi, bila kukanyaga chuo, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, akapata cheti kinachotambulika. Wazazi wengi hawalijui jambo hili. Wanadhani kijana aliye kwa fundi hana karatasi wala mbele.

Na shule? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na ufundi, sayansi-kimu na sanaa. Kaka zangu wakubwa walichonga mipini na kufinyanga vyungu. Baadaye mzigo wa mitihani ulionekana mzito, na masomo ya mikono yakawa ya kwanza kutupwa nje. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, umeyarudisha. Hilo ni jema. Lakini mtaala hauwezi kusuka kiondo. Unampa mtoto kazi ya nyumbani, na nyumbani hakuna anayejua, basi mama anakimbilia Kariokor na pochi. Najua, kwa sababu nilikimbia.

Mlangoni pa mama

Ilikuwa saa tisa alasiri tulipopanda matatu ya Jogoo Road. Tuliipita Kaloleni na Makongeni upande mmoja na Shauri Moyo upande wa pili, mitaa iliyojengwa wakati wa ukoloni, kisha Maringo, hadi tukashuka kwenda Jericho.

Mama alikuwa nje, kivulini, pamoja na wenzake watatu wa chama chao cha akina mama. Hukutana kila Jumamosi, wakachanga pesa zao, wakanywa chai, na mikono haikomi. Sikuwa nimewatazama kwa makini kwa miaka mingi. Mama husokota nyuzi za makonge pajani kwa kiganja, mbili zikawa moja, huku akizungumza habari nyingine kabisa. Kiondo huanzia kwenye kitako: nyuzi chache hupishanishwa katikati na kufungwa, kisha nyingine huongezwa kuzunguka, zikaning'inia kama mvua, na uzi wa kusukia huzipitia mmoja mmoja kwa mzunguko. Mkono ukilegea mara moja, kiondo kizima huinama upande.

Niliona pia jambo ambalo nilikuwa nimekataa kuliona. Vidole vya mama vimeanza kukakamaa. Kiondo alichokuwa akikimaliza kwa wiki mbili sasa humchukua mwezi na zaidi.

Nilimuuliza bila kuzunguka: "Mama, kwa nini hukunifunza?"

Hakuinua macho. "Ulikuja mara moja ukiwa mdogo, ukataka kushika. Nikakufukuza, hukumbuki?"

Nilikuwa nimesahau.

"Nilikuwa nakusukia shule," akasema. "Niliogopa kwamba nikiyaweka makonge mkononi mwako, utarudi kwenye makonge. Wakati ule tulidhani mtoto ana mikono miwili, mmoja wa kalamu na mwingine wa taabu, na lazima achague."

Wenzake walinyamaza. Kisha mmoja akasema naye pia aliwafukuza wake, na wa tatu vilevile. Nilitambua kuwa lile nililoliita uvivu wa kizazi chetu lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, upendo wa kizazi chao. Walitufungia mlango mmoja ili tupite kwenye mwingine. Hakuna wa kulaumiwa, lakini hasara ipo.

Binti yangu hakuwa na habari na huzuni yetu. Alikwisha kuketi chini karibu na susu yake. Mama alimtazama, akamtazama tena, kisha akamwekea uzi pajani na kumshika kiganja. Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili ukawa mnene kama kamba ya ng'ombe. Watoto wawili wa jirani wakaja kuchungulia, nao wakapewa nyuzi. Kufikia saa kumi na mbili kulikuwa na wanafunzi wanne pale kivulini, mmoja wao mvulana.

Tangu siku hiyo imepita miezi miwili. Kila Jumamosi watoto huja. Siku nyingine huwa sita, siku nyingine wawili. Mradi huo hauna jina, bango wala mfadhili. Gharama yake ni fungu la makonge na chai ya maziwa. Akina mama wale, ambao hawakuwahi kujiita walimu, sasa hubishana kwa ukali kuhusu njia bora ya kuanza kitako.

Na lile deni la shule? Binti yangu mwenyewe ndiye aliyenishinikiza tukalilipe. Jumatatu moja tulikwenda pamoja kwa mwalimu wake. Mtoto akatoa kitako chake cha kiondo, kidogo kuliko sahani na kimeinama upande mmoja, akasema: "Mwalimu, hiki ndicho changu. Kile kingine mama alinunua."

Mwalimu alitutazama, kisha akafungua kabati. Ndani mlikuwa na viondo vidogo kama ishirini, vyote vizuri, vyote vya umbo moja.

"Mama," akaniambia kwa upole, "hivi vyote vilitoka soko moja. Nilijua. Nilikuwa nangoja tu mzazi wa kwanza aseme." Akakichukua kile kitako kilichoinama, akakiweka mbele ya vyote. Kisha akauliza kama susu angekubali kuja shuleni siku moja na makonge yake. Mama alipoambiwa alisema atakuja, ila wamwekee kiti kisicho na mikono, maana kinamzuia kusokota.

Ukitaka kwenda nawe

Familia inayotaka kupata Jumamosi kama yetu haihitaji safari ya mbali. Anzeni Kariokor asubuhi kabla jua halijawa kali, mshuke Gikomba kwa wachongaji, kisha Kamukunji. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, na mshike watoto mkono kwa sababu ya mikokoteni na vipande vya bati. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Fundi si kinyago. Na msipigie bei kiasi cha kumdhalilisha mtu aliyetumia siku mbili juu ya kitu mtakachokitumia miaka kumi.

Zaidi ya yote, msinunue tu. Ulizeni. Mwombeni fundi amruhusu mtoto atoboe tundu moja, asugue twiga mmoja, akunje ukingo mmoja. Wengi hukubali kwa furaha kuliko mnavyodhani. Na mkirudi nyumbani, mwangalieni yule mzee aliyeketi pembeni, ambaye kila siku mnampita mkikimbilia matatu. Muulizeni mikono yake ilikuwa ikifanya nini kabla ninyi hamjazaliwa.

Mimi nimeanza kujifunza, msomaji, katika umri huu. Uzi wangu bado ni mnene kama kamba ya ng'ombe, na binti yangu hunicheka. Mama hacheki. Hunishika kiganja, akakirudisha pajani, na kuniambia nianze tena.